Programu ya duka lako imejengwa kwenye kiwanja cha nani?

JUBA, Sudan Kusini – Mzigo unaofika madukani Hai Cinema umesafiri njia ndefu. Unga, mafuta ya kupikia, sabuni na saruji hupakiwa Kampala au Mombasa, hupita Gulu, huvuka mpaka wa Elegu na Nimule, kisha hupanda barabara ya lami ya kilomita 192 hadi Juba. Kila mkono unaoupokea mzigo huo huandika kitu: kimefika kiasi gani, kimelipwa kiasi gani, nani bado anadaiwa.

Kwa miaka mingi maandishi hayo yalikaa kwenye kaunta buku. Siku hizi wapo wanaoyaweka kwenye simu, na sababu zao ni nzuri. Biashara ya Juba ina hesabu ya sarafu zaidi ya moja. Mteja hulipa kwa pauni ya Sudan Kusini, msambazaji wa Kampala anataka shilingi ya Uganda au dola, na bei ya dola ya leo si ya wiki ijayo. Programu ya simu hupiga hesabu hiyo kwa sekunde moja, hukumbuka tarehe na haifutiki kwa maji ya mvua.

Lakini kuna jambo ambalo muuza programu huwa halisemi. Programu hiyo imeandikwa kwa lugha fulani, na lugha hiyo inaishi kwenye jukwaa la kampuni fulani iliyo mbali sana na Nimule. Kampuni hiyo ikibadilisha mawazo, programu inaweza kuzeeka ndani ya mwaka mmoja, hata kama aliyeiandika hakukosea na aliyeinunua hana deni.

Mwenye kiwanja na wapangaji wake

Programu ya simu huandikwa na mtu, kwa lugha maalumu ambayo mashine inaweza kuifuata. Lugha hizo ni nyingi, na kila moja ina watu wake, zana zake na mtu au kampuni inayoitunza.

Simu nyingi zinazouzwa katika ukanda huu, zikiwemo Tecno, itel na Samsung, hutumia Android. Android inasimamiwa na Google ya Marekani. Google ndiyo hutoa matoleo mapya, ndiyo humiliki duka la programu la Play, na ndiyo huamua masharti ya programu kuingia dukani humo. Kwa iPhone mwenye mamlaka hayo ni Apple, na mkono wake ni mzito zaidi.

Kila jukwaa lina lugha inayopewa kipaumbele. Simu ya kwanza ya Android ilipoingia sokoni 2008, lugha hiyo ilikuwa Java. Leo ni Kotlin. Nje ya lugha ya kipaumbele kuna lugha nyingine zinazoruhusiwa kufanya kazi, lakini kama wapangaji. Miongoni mwao ni C#, iliyoletwa kwenye simu kwa zana iitwayo Xamarin, na Dart, inayotumiwa pamoja na zana iitwayo Flutter. Python nayo ina njia zake za kuingia.

Watunga programu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kuzipenda lugha hizi mbadala, nayo ni pesa. Anayeandika kwa Kotlin ameiandikia Android peke yake. Mteja mwenye iPhone akitaka programu hiyo hiyo, kazi inaanza upya, au inabidi kutafuta zana ya ziada. Kwa Flutter, msimbo mmoja hutoa programu ya Android na ya iPhone kwa pamoja. Kwa kijana wa Juba, Kampala au Nairobi anayefanya kazi peke yake na kulipwa na mwenye duka la jumla, hiyo ni tofauti ya kupata kazi na kuikosa.

Faida hiyo inamfikia pia mwenye duka, kwa kuwa bei ya programu inashuka. Tatizo ni kwamba hatari nayo humfikia, lakini haionekani kwenye bei.

Tangazo moja linatosha

Historia ya lugha hizi inaonyesha jambo moja: hatima ya lugha kwenye jukwaa la kampuni haiamuliwi na ubora wake wala na wingi wa wanaoitumia. Mara nyingi huamuliwa na tangazo moja la mwenye jukwaa.

Kotlin yenyewe ni mfano. Ilibuniwa na JetBrains, kampuni isiyohusiana na Google, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2016. Wakati huo Google ilikuwa mahakamani na Oracle, iliyoishtaki mwaka 2010 kuhusu matumizi ya Java ndani ya Android. Mei 2017 Google ilitangaza kuitambua Kotlin rasmi, na 2019 ikaipa nafasi ya kwanza. Lugha iliyokuwa ya pembeni ikawa ya ukumbini. Kesi ya Java ilimalizika Aprili 5, 2021, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoipa Google ushindi kwa kura sita dhidi ya mbili. Kwa miaka zaidi ya kumi, lugha ambayo mamilioni ya watu waliitegemea ilikuwa mezani kwa mawakili.

Mambo yanaweza kwenda upande wa pili pia. Mwaka 2010 Apple ilibadilisha mkataba wake na kutaka programu za iPhone ziandikwe kwa lugha chache tu zilizotajwa. Waliokuwa wakitumia zana za Flash walijikuta nje kabla hata ya kuanza kuuza. Septemba mwaka huo huo Apple ililegeza sharti hilo. Miezi ile michache iliwatosha waliokuwa wamewekeza kuelewa kwamba mlango unaofunguliwa na mwenyewe hufungwa na mwenyewe.

Mwaka huo huo Microsoft iliacha kugharamia IronPython na IronRuby, lugha mbili mbadala zilizokuwa zikifanya kazi kwenye jukwaa lake la .NET. Zilikabidhiwa kwa watu wa kujitolea. IronPython ingali hai kwa jasho lao, IronRuby ilidhoofika.

Mfano wa karibu zaidi na mwenye duka ni Xamarin. Ilianzishwa 2011 ili wanaojua C# waweze kuandikia simu. Microsoft iliinunua 2016, na wengi wakaona sasa ina baba tajiri. Mei 1, 2024 Microsoft ilimaliza kuihudumia na kuwaelekeza watumiaji kwenye zana nyingine iitwayo .NET MAUI. Kuhama si kubonyeza kitufe. Kwa programu nyingi ni kazi ya wiki au miezi, na mtu anatakiwa kuilipia.

Siku chache kabla ya tarehe hiyo, mwishoni mwa Aprili 2024, Google ilipunguza wafanyakazi, wakiwemo wa timu za Flutter na Dart. Hofu ilienea kwa haraka, kwa sababu Google inajulikana kwa kufunga huduma zake yenyewe. Oktoba mwaka huo, mmoja wa waliowahi kufanya kazi katika timu ya Flutter alitangaza tawi huru liitwalo Flock, akidai kwamba timu iliyobaki ni ndogo kuliko kazi iliyopo.

Haki ni kusema upande wa pili. Flutter haijafa. Matoleo mapya yameendelea kutoka, na msimbo wake uko wazi chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuuchukua na kuuendeleza. Google ikiiacha kesho, hakuna atakayeweza kuwanyang'anya watumiaji kile kilichokwisha kuandikwa. Lakini msimbo kuwa wazi na msimbo kuwa na watu wa kuutunza kila siku ni mambo mawili tofauti. Kisima kinaweza kuwa cha kijiji kizima na bado kikakauka kwa kukosa mtu wa kutengeneza pampu.

Kinachomfikia mwenye duka

Mfanyabiashara anaweza kuuliza: programu yangu inafanya kazi leo, lugha yake ikiachwa mimi inanihusu nini?

Jibu liko kwenye masharti ya kila mwaka. Google hutaka programu zinazoingia Play, pamoja na marekebisho yake, zilenge toleo la karibuni la Android. Kuanzia Agosti 31, 2025 toleo lililotakiwa lilikuwa Android 15. Xamarin iliishia kwenye Android 14. Maana yake, baada ya muda wa nyongeza kwisha, aliyeandika programu kwa Xamarin hakuwa na njia rasmi ya kupeleka dukani hata marekebisho ya kosa dogo. Programu haikufa siku hiyo. Ilibaki kwenye simu za waliokuwa nayo, ikiwa haiwezi kurekebishwa kupitia mlango wa kawaida.

Tuchukue mfano. Mwenye duka la jumla Hai Cinema ana programu ya madeni ya namna hiyo. Kwa miezi hata mwaka haoni tofauti. Kisha simu yake inaanguka, ananunua nyingine mpya yenye toleo jipya la Android, anatafuta programu ile Play na haioni, kwa sababu programu zilizoachwa nyuma sana hufichwa kwa simu mpya. Hapo ndipo anagundua kwamba hesabu za wateja wake ziko ndani ya simu iliyovunjika kioo, kwenye faili ambalo programu nyingine hailisomi. Deni halijafutika kwa sheria, lakini ushahidi wake umefungiwa.

Kuna mabadiliko mengine makubwa zaidi kwa masoko kama ya Juba, ambako bando la intaneti ni ghali na programu mara nyingi hupitishwa kutoka simu hadi simu bila kupitia Play. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitakubali tu programu za watunga programu waliojisajili na kuthibitisha utambulisho wao, hata kama programu haitoki Play. Ratiba iliyotangazwa inaanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027.

Google inasema lengo ni kuzuia wezi wanaosambaza programu bandia, na sababu hiyo si ya kupuuzwa. Mtu aliyeibiwa pesa za simu kwa programu ya kitapeli ataiunga mkono. Baada ya malalamiko ya watunga programu, Novemba 2025 kampuni hiyo ilisema itabakiza njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Hata hivyo, kijana aliyemwandikia mwenye duka programu na kumrushia kwa simu atalazimika kujua anasimama upande gani wa utaratibu huo. Akiamua kwenda Play, kuna ada ya usajili ya dola 25, na kwa akaunti mpya za watu binafsi kuna sharti la kuwa na wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla programu haijafunguliwa kwa umma.

Juba inaujua mchezo huu

Sudan Kusini haihitaji kuhadithiwa maana ya kutegemea kitu kinachoshikiliwa na mwingine. Machi 2018 serikali ilisimamisha Vivacell, mojawapo ya kampuni za simu nchini, kwa mgogoro wa ada ya leseni. Wateja wake hawakuwa sehemu ya mgogoro huo, lakini namba zao zilinyamaza. Kwa mfanyabiashara, namba ya simu ni bango la duka. Wateja wa Kampala na Arua walioijua namba ile walipiga bila kupata jibu.

Januari 2025 mamlaka ya mawasiliano iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe kwa muda usiopungua siku 30, baada ya kusambaa kwa video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini nchini Sudan. Amri iliondolewa baada ya siku chache. Ng'ambo ya mpaka, Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 wakati wa uchaguzi mkuu, na kufuli hilo lilidumu miaka baada ya kura kuhesabiwa. Anayetangaza bidhaa zake kwenye ukurasa mmoja tu anajua maana yake.

Katika mifano hii aliyefunga ni serikali. Katika ile ya Xamarin na Flash ni kampuni. Kwa mwenye duka matokeo yanafanana. Jambo lililokuwa la kila siku linakoma kwa uamuzi wa watu ambao hawezi kuwapigia simu.

Ndiyo maana pesa za simu zimekomaa kwa njia tofauti kidogo. M-Pesa ilianza Kenya 2007 kwa menyu iliyokuwa ndani ya laini ya simu, bila kuhitaji simu ya kisasa. Juba ilipata m-Gurush mwaka 2019, jina lililotokana na neno la Kiarabu cha Juba lenye maana ya pesa. Huduma za namna hii zinaweza kutumika hata kwenye simu ya kitochi kwa kubonyeza namba za mkato. Namba hizo nazo zina mwenyewe, yaani kampuni ya simu na mamlaka inayoipa leseni. Tofauti ni kwamba mwenyewe huyo ana ofisi mjini, na mlalamikaji anaweza kufika mlangoni kwake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Hakuna sababu ya kurudi kwenye kaunta buku na kuzima simu. Kinachotakiwa ni kununua programu kwa macho yale yale yanayotumika kununua gari la mizigo: mnunuzi hukagua injini, huuliza vipuri vinapatikana wapi na huangalia kadi ina jina la nani.

Swali la kwanza ni la hesabu zenyewe. Je, programu inaweza kutoa orodha yote ya madeni na bidhaa kama jedwali la kawaida linalofunguka kwenye Excel au kuchapishwa? Kama jibu ni hapana, mnunuzi hanunui programu. Anakodi sanduku ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Kama jibu ni ndiyo, jedwali hilo litolewe kila wiki na litunzwe mahali pawili, mojawapo nje ya simu hiyo.

Swali la pili ni la lugha. Imeandikwa kwa lugha gani, na mara ya mwisho ilirekebishwa lini? Mwenye duka hahitaji kuijua Dart wala C#. Anachohitaji ni jibu la moja kwa moja. Mtunga programu anayeweza kueleza zana yake inatunzwa na nani, na atafanya nini ikiachwa, amefikiri kabla. Anayekasirika kwa swali hilo amejibu pia.

Swali la tatu ni la umiliki. Programu ikiandikwa kwa ajili ya duka au chama cha wafanyabiashara, maandishi ya makubaliano yaseme msimbo ni wa nani na nakala yake itakabidhiwa lini. Kijana aliyeiandika anaweza kuhamia Nairobi au kupata kazi ya kudumu. Msimbo ukiwepo, mwingine ataendelea pale alipoishia. Usipokuwepo, kazi inaanza sifuri na bei inaanza sifuri.

Kwa watunga programu nako kuna la kufanya. Hesabu zihifadhiwe kwa muundo unaosomeka na zana nyingi, kama SQLite, badala ya muundo uliobuniwa kwa programu moja. Sehemu inayopiga hesabu za madeni na kubadilisha sarafu itenganishwe na sehemu ya vitufe na rangi, ili siku ya kuhama lugha ihamishwe nusu tu ya nyumba. Vijana wanaofundishwa kuandika programu Juba, kwa mfano na shirika la Go Girls ICT Initiative, watanufaika wakijifunza mapema kwamba kuchagua lugha ni uamuzi wa kibiashara unaomgusa mteja kwa miaka mingi.

Sauti ya pamoja

Duka moja la Hai Cinema haliwezi kujadiliana na Google wala Microsoft. Wafanyabiashara wa nchi nzima pia hawawezi. Lakini ukanda umewahi kuonyesha kwamba kampuni kubwa husikiliza zinaposemeshwa kwa pamoja. Mtandao mmoja wa mawasiliano wa Ukanda wa Kaskazini, ulioanza 2014 na kuzihusisha Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, ulishusha gharama za kupiga simu kuvuka mpaka kwa sababu serikali ziliweka msimamo mmoja mbele ya kampuni za simu.

Sudan Kusini ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Jumuiya hiyo tayari ina utaratibu rahisi wa kibiashara kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, uliowekwa kwa kutambua kwamba mfanyabiashara mdogo hawezi kubeba makaratasi ya kampuni kubwa. Mantiki hiyo hiyo inaweza kufika kwenye simu. Usajili wa watunga programu utakapofika katika nchi za ukanda huu, kitambulisho cha taifa cha nchi mwanachama kiwe kinatosha, na vyama vya wafanyabiashara vijulishwe mapema tarehe za mabadiliko badala ya kuzigundua simu inapokataa kufungua programu.

Hayo yatachukua muda, na mengine yataishia kwenye mikutano. Kutoa orodha ya wadaiwa kwenye simu na kuichapisha hakuhitaji mkutano. Gharama yake ni karatasi chache, na inaweza kufanyika leo jioni kabla duka halijafungwa.